Mwamuzi atazame mguu kabla ya kuinua bendera

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Najua barua hii ni ndefu kuliko kawaida. Lakini naomba usiikate, maana ukikata mwisho wake wasomaji watadhani natetea makosa, na ukikata mwanzo wake watadhani nimeamka tu na kuanza kugombana na watu.

Sababu ya kuandika ni barua ya ndugu mmoja iliyotokea katika ukurasa huu. Ndugu huyo alisifu, kama sote tulivyosifu, ushindi wa Alphonce Simbu wetu katika marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Septemba 2025. Wasomaji wanakumbuka kwamba Simbu na Mjerumani Amanal Petros walipita mstari wa mwisho karibu pamoja, wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Jicho la binadamu halikuweza kuwatenga. Picha ya kamera ndiyo iliyosema kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu 3 tu za sekunde iliyogawanywa mara 100, na nchi yetu ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mpaka hapo mimi na ndugu huyo tulikuwa pamoja, na hata kahawa ningemlipia.

Lakini hakuishia hapo. Aliendelea kusema kwamba kwa kuwa kamera haisemi uongo, basi yule Mhungari wa kurusha nyundo, Bence Halász, alistahili kunyang'anywa nishani yake ya shaba huko Doha mwaka 2019, na kwamba kamati ya rufaa iliingiwa na woga ilipotoa nishani mbili za shaba badala ya moja. Akamaliza kwa kutukumbusha kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimenyamaza mara ya pili katika jambo lile lile. Ya mara ya kwanza nitaieleza baadaye.

Nianze na wale wasioujua mchezo wenyewe, maana kwetu mtu akitaja riadha sote tunawaza mbio. Hata sisi tuliokaa kandokando ya redio mwaka 1980 kuwasikiliza Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakipata nishani za fedha Moscow, hatukujishughulisha kujua kwamba katika michezo ile ile Yuriy Sedykh wa Muungano wa Sovieti alirusha nyundo mita 81.80 akaweka rekodi mpya ya dunia, na kwamba nishani zote tatu zilibaki kwa Wasovieti. Nyundo hii si ile ya seremala. Ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya, na mwisho wa waya pana kishikio cha mikono miwili. Vyote kwa pamoja, kwa wanaume, havipungui kilo 7.26, na urefu wake hauzidi sentimita 121.5. Mrushaji huingia ndani ya duara lenye upana wa mita 2.135, huzungusha nyundo juu ya kichwa, kisha yeye mwenyewe huzunguka mara tatu au nne kama pia, na kuiachia. Kwa warushaji wakubwa nyundo huondoka mkononi kwa mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa. Ndiyo maana duara limezungukwa na kizimba cha wavu, na waamuzi husimama nje ya wavu huo. Anayetaka kufa na asimame ndani.

Sasa fikiri, msomaji mwenzangu. Mtu anavutwa na chuma hicho kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake, naye anazunguka juu ya kisigino na vidole ndani ya mahali ambapo hata kitanda cha watu wawili hakitoshi vizuri. Sheria inasema mguu wake ukigusa juu ya ukingo wa duara au ardhi ya nje wakati wa kurusha, mtupo huo umeharibika, hata kama nyundo imeanguka mbali kiasi gani. Mwamuzi anayetazama miguu huinua bendera nyekundu, na mtupo haupimwi. Kama hakuna kosa huinua nyeupe, na vipimo huchukuliwa. Huko Doha mwaka 2019 kila mrushaji katika fainali alipewa mitupo mitatu, kisha wanane walio mbele wakaongezewa mitatu mingine. Unaohesabiwa ni ule mrefu kuliko yote.

Hiyo mitupo sita naomba wasomaji waishike vizuri, maana hoja yangu yote imesimama hapo.

Tuje Doha. Tarehe 2 Oktoba 2019, katika Uwanja wa Khalifa, Paweł Fajdek wa Poland alishinda kwa mita 80.50 na kuchukua ubingwa wa dunia kwa mara ya nne mfululizo. Juu yake hakuna ugomvi. Wa pili alikuwa Quentin Bigot wa Ufaransa, mita 78.19. Wa tatu Halász, mita 78.18. Wa nne Wojciech Nowicki, Mpoland mwingine, mita 77.69. Mtupo ule wa Halász wa 78.18 aliutupa katika raundi ya kwanza kabisa. Mwamuzi akainua bendera nyeupe, ukapimwa, ukaandikwa kwenye ubao, watu wakaendelea na raundi ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Baadaye ndipo Wapoland walipokata rufaa, wakisema kwamba katika mtupo ule mguu wa Halász uligusa nje ya duara. Picha zikatazamwa, nazo zilionyesha hivyo. Kesho yake ikatangazwa kuwa Halász anabaki na shaba yake, na Nowicki naye anapewa shaba.

Ndugu yangu wa barua ile anauliza: kama ni kosa, kwa nini mtupo usifutwe? Na kama si kosa, kwa nini Nowicki apewe nishani? Ni swali zuri, na sitaki kulikwepa. Mtu akilisoma haraka haraka ataona kamati ilikuwa kama yule mzee anayesuluhisha ugomvi wa mbuzi kwa kuwaambia wote wawili wamepata, mradi waondoke barazani kwake. Mimi mwenyewe siku ile nilipoisoma habari hiyo nilicheka.

Lakini baada ya kufikiri nimeona kwamba ndugu huyo amesahau kazi moja ya bendera. Yeye anadhani bendera ni hukumu tu. Mimi nasema bendera pia ni taarifa. Humwambia mrushaji amesimama wapi. Mrushaji aliyepewa nyeupe kwa mita 78.18 katika raundi ya kwanza anajua ana kitu mfukoni. Mitupo mitano iliyobaki ataitumia kwa kujaribu kuongeza. Atazunguka kwa kasi zaidi, atajipa hatari, maana hata akiharibu yote mitano hakuna wa kumnyang'anya kile cha kwanza. Lakini mrushaji aliyepewa nyekundu katika raundi ya kwanza hutumia mitupo iliyobaki kwa namna nyingine kabisa. Kwanza atatafuta mtupo salama, hata kama ni mfupi, ili aingie katika wanane. Kisha ndipo atakapoanza kujaribu. Ni watu wawili tofauti ndani ya mwili mmoja.

Basi Halász aliambiwa na mwamuzi kwamba ana 78.18, naye akacheza mchezo wa mtu mwenye 78.18. Kumwendea baada ya mitupo sita yote kwisha na kumwambia, "Ule wa kwanza ulikuwa mbovu, tunaufuta," ni kumwadhibu mara mbili. Unamfutia mtupo, na mitano aliyokuwa nayo ya kurekebisha hali huwezi tena kumrudishia. Kama bendera nyekundu ingeinuliwa wakati ule ule, pengine angetupa mita 79 katika raundi ya tatu. Pengine angetupa 75. Hakuna binadamu anayeweza kusema, na kamera haiwezi kusema pia. Kamera inajua mguu ulikanyaga wapi. Haijui ambacho mtu angefanya kama angeambiwa ukweli mapema.

Na Nowicki je? Yeye hakukosa kitu chochote. Alirusha mita 77.69 bila kosa, na mbele yake kuna mtu ambaye mtupo wake picha zinaukataa. Huyo naye kumwambia arudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mwamuzi hakuona ni dhuluma. Kwa hiyo watu wote wawili walidhulumiwa na bendera moja, kila mmoja kwa namna yake, na wote wawili hawakuwa na hatia. Ndiyo sababu nasema shaba mbili hazikuwa woga. Zilikuwa kama deni ambalo wenye mashindano walidaiwa na watu wawili, wakalilipa kwa wote wawili.

Ndugu yangu atasema namtetea mkosaji. Hapana. Kuna mkosaji na mkosaji. Ningependa nimkumbushe ya Athens mwaka 2004, katika mchezo huu huu wa nyundo. Mhungari mwingine, Adrian Annus, alitupa mita 83.19 akavishwa dhahabu. Halafu akatakiwa kutoa sampuli nyingine kwa ajili ya uchunguzi wa dawa, akakataa. Nishani ikavuliwa, na Koji Murofushi wa Japani, aliyetupa mita 82.91, akawa ndiye bingwa wa Olimpiki. Hapo msumeno ulikata, na ulikata sawasawa, maana aliyekatwa ndiye aliyesababisha. Mimi ningeushika mpini. Lakini Halász hakuficha kitu. Alitupa mbele ya waamuzi, kwenye taa, mchana wa watu, na mwenye mamlaka akamwambia endelea. Kumweka kapu moja na mtu aliyekimbia kupimwa si haki.

Wapo pia wanaosema kwamba mashine zikiachiwa kazi zote matatizo yatakwisha. Nao wakumbuke London mwaka 2012, fainali ya nyundo ya wanawake. Mjerumani Betty Heidler alitupa katika raundi ya tano, nyundo ikaanguka mbali, watu wakaiona, lakini kipimo hakikutokea. Ilielezwa kuwa mtupo wake ulifanana kabisa na ule uliopimwa kabla yake, na mashine ikauona kama kipimo kile kile. Akapewa mtupo wa ziada. Muda mrefu baada ya mashindano kwisha ndipo mtupo wake wa kwanza ulipokubaliwa, akapewa shaba, na Zhang Wenxiu wa China, ambaye alikuwa amekwisha kujiona ni wa tatu, akashushwa wa nne. Miaka minne baadaye, mwaka 2016, aliyekuwa wa kwanza, Tatyana Lysenko wa Urusi, alivuliwa dhahabu kwa sababu ya dawa, na Zhang akarudishiwa shaba. Fikiri furaha ya mama huyo: amepewa, amenyang'anywa, amepewa tena. Sijui nishani ya namna hiyo mtu huitundika wapi nyumbani.

Kwa hiyo siitetei mashine wala siikatai. Ninachosema ni kwamba picha ya Simbu ilikuwa na faida kwa sababu ilisomwa pale pale, kabla mtu hajavishwa nishani, na kwa sababu baada ya mstari wa mwisho wa marathoni hakuna tena la kufanya. Mchezo umekwisha. Picha ya Halász ilisomwa wakati mchezo mzima umejengwa juu ya kosa lililokuwa chini ya msingi. Ndugu yangu amezilinganisha picha hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Zinatofautiana kwa raundi tano.

Lakini nisije nikaonekana nimeridhika na yale ya Doha. Sikuridhika, na hapa huenda ndugu yangu tukakutana. Hebu tazama tena vipimo. Bigot 78.19, Halász 78.18. Sentimita moja! Upana wa ukucha wa kidole kidogo. Sasa tuseme Halász katika mtupo ule wenye kosa angetupa sentimita mbili zaidi, yaani 78.20. Angekuwa wa pili, na Bigot angekuwa wa tatu. Nowicki angekuwa wa nne vile vile. Rufaa ingekuja, picha zingeonyesha kosa. Je, kamati ingefanya nini? Ingempa Bigot fedha, imwachie Halász fedha, halafu impe Nowicki shaba? Nishani nne tena, lakini kwa mpangilio mwingine, na kila mtu angeuliza ni kanuni gani hiyo. Kwa hiyo uamuzi wa Doha ulifaa kwa sababu ya bahati ya sentimita moja. Uamuzi wa busara unaotegemea bahati ni dawa ya kutuliza maumivu. Jino bado limeoza.

Na jino lenyewe ni mwamuzi aliyeinua bendera nyeupe.

Sasa naomba nieleze ninavyojua habari za bendera nyeupe. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 nilichaguliwa mara kadhaa kuwa mwamuzi katika mashindano ya shule za wilaya yetu. Nyundo hatukuwa nayo, wala sijaishika mpaka leo. Lakini tulikuwa na kurusha tufe, na sheria ya mguu ni ile ile. Duara tulilichora kwa chokaa ardhini. Mimi nikakabidhiwa bendera mbili, moja ilikuwa kipande cha shuka na nyingine kipande cha khanga nyekundu, nikasimama pembeni.

Mwaka mmoja walibaki vijana wawili wakigombea nafasi moja ya kwenda mkoani. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye nguvu, wa shule ya mjini. Mwingine mfupi, wa shule ya mbali, waliofika wamepanda lori la pamba. Yule mrefu katika mtupo wake wa kwanza aliutupa mbali sana. Umati ukapiga kelele. Nami, Ndugu Mhariri, nikafanya kosa ambalo kila mwamuzi mgeni hulifanya: macho yangu yalilifuata tufe. Nilitaka kuona litaanguka wapi. Lilipoanguka nikainua shuka nyeupe, na watu wakashangilia tena. Mitupo iliyofuata ya kijana yule haikufika pale, maana alikuwa anajaribu kujizidi. Yule mfupi akatupa vizuri, akabakia nyuma yake kwa shubiri moja hivi. Majina yakasomwa. Mrefu ndiye wa kwenda mkoani.

Wakati watu wanatawanyika nilibaki kukusanya vitu. Nikatazama chokaa. Upande wa mbele wa duara, chokaa ilikuwa imekanyagwa, na nje yake palikuwa na alama ya kidole gumba cha mguu, wazi kabisa. Kijana mfupi alikuwa na raba za kuazima, nilikuwa nimeziona. Mrefu alitupa pekupeku.

Nilifanya nini? Nilisugua alama ile kwa kiatu changu.

Asubuhi yake, kabla lori lao halijaondoka, kijana yule mfupi alinifuata nikiwa naosha uso bombani. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza tu. Yule mwenzangu hakukanyaga?" Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama mwanafunzi anayeuliza jibu la hesabu. Nikamjibu, "Bendera ilikuwa nyeupe, mwanangu." Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda kupanda lori.

Sikumwambia uongo. Bendera ilikuwa nyeupe kweli. Lakini tangu siku ile, kila nisikiapo mtu anasema uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho, huona lile bomba.

Nimeieleza habari hii si kwa kutaka kuonewa huruma. Nimeieleza kwa sababu nimekwisha kujiuliza mara nyingi: kama ningekuwa na moyo wa kusema pale pale, baada ya majina kusomwa, haki ingekuwa nini? Nimfute yule mrefu? Angesema, na angekuwa na haki ya kusema, "Mwalimu, kama ungeniambia mwanzoni ningerudi nyuma nusu hatua, maana nguvu ninazo." Nimwache? Yule mfupi amekwisha kupanda lori. Kwa miaka mingi sikupata jibu. Niliposoma uamuzi wa Doha, baada ya kumaliza kucheka, niliona kwamba jibu lilikuwa kuwapeleka wote wawili mkoani, na gharama ya nauli ya yule wa pili nikatwe mimi. Hivyo ndivyo Doha walivyofanya. Mwamuzi alikosea, na waliomweka wakalipa nishani ya pili. Ndugu yangu anayetaka msumeno angemkata kijana mmoja ili kuficha kidole cha mwalimu.

Kama wapo wanaodhani nishani mbili ziliwaharibu waliopewa, watazame yaliyofuata. Nowicki alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kwa mita 82.52. Halász alipata fedha katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kwa mita 79.97. Na mwaka 2023 katika mashindano ya dunia mjini Budapest, nyumbani kwao Halász, Mkanada kijana Ethan Katzberg alishinda kwa mita 81.25, Nowicki akawa wa pili kwa 81.02, Halász wa tatu kwa 80.82. Safari hii walisimama pamoja jukwaani kila mmoja na nishani yake, wala hapakuwa na wa kuulizana juu ya mguu. Hata Tokyo mwaka 2025, wakati sisi tunamshangilia Simbu, Halász alipata shaba nyingine, na Katzberg akatupa mita 84.70. Rekodi ya dunia ya Sedykh ya mita 86.74, aliyoiweka Stuttgart mwaka 1986, bado iko mbele yake kwa mita mbili na kidogo. Hilo ni jambo la barua nyingine.

Ninachoomba mimi ni kidogo. Kwa wakubwa wa riadha duniani, naomba mahali penye kamera picha ya mguu itazamwe kabla bendera haijainuliwa, au walau kabla mrushaji wa raundi ile ile hajaitwa tena duarani. Kila mrushaji hupewa dakika nzima ya kujitayarisha na kurusha. Nusu dakika ya kumtazama mguu haitaua mchezo. Na kama haikutazamwa mpaka raundi zimekwisha, basi mrushaji asibebeshwe mzigo wa jicho la mwamuzi.

Kwa walimu wenzangu walioko makazini, ambao mashindano ya shule yatawafikia tena na hawana kamera, naomba hivi. Weka waamuzi wawili, mmoja wa kutazama mguu peke yake na mwingine wa kutazama tufe au kisahani kinapoanguka. Wa mguu asigeuze uso hata umati ukipiga kelele vipi. Mwagieni mchanga mlaini kuzunguka duara lote, na baada ya kila mtupo mtu apite na reki au ufagio ausawazishe. Mchanga utaonyesha kila kidole kilichotoka. Mwamuzi na auinamie, autazame, halafu ndipo ainue bendera.

Shule ya karibu nami ikiwa na mashindano na imekosa mtu wa kusawazisha mchanga huo, waniite. Magoti yamechoka lakini reki ninayo.

Mwalimu Mstaafu,
Shinyanga.